Gari la Spoti la Zamani: Kutoka Dalili Hadi Chanzo, Kabla ya Kulinunua na Baada ya Kulifufua

Mtu aliyetamani Jaguar E-Type, MGB, Datsun 240Z au Porsche 911 za mwanzo kwa miaka mingi huwa mnunuzi dhaifu siku anapolikuta gari hilo likiuzwa, kwa sababu macho yake yameshalinunua kabla mikono haijaligusa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Unafuata dalili kwa mpangilio unaojitokeza mara nyingi: kwanza zile zinazoonekana gari likiwa bado mikononi mwa muuzaji, kisha zile za injini iliyolala, na hatimaye zile zinazosubiri mpaka gari litembee barabarani. Lengo ni gari la kuendeshwa. Anayetafuta gari la kusimama kwenye maonyesho atakuwa na vipaumbele vingine, hasa vya rangi na uhalisia wa kila skrubu, na hivyo havijadiliwi hapa.

Jambo moja lifahamike tangu mwanzo. Magari mengi ya namna hii yameharibiwa na kusimama kuliko yalivyoharibiwa na kutembea, na juu ya uharibifu huo yamepitia mikono ya mafundi wengi, kila mmoja akiwa ameongeza waya wake, klipu yake na dhana yake. Kwa hiyo dalili moja inaweza kuwa na vyanzo viwili au vitatu vilivyolaliana, na anayebadilisha spea nne kwa siku moja hatajua ni ipi iliyoponya na ipi iliyoleta ugonjwa mpya. Badilisha kitu kimoja, jaribu gari, andika matokeo, ndipo uende kwenye kingine.

Dalili za bodi: hapa ndipo uamuzi wa kununua unapofanyika

Injini, giaboksi na breki zinaweza kufunguliwa, kupimwa na kurudishwa katika hali njema na fundi yeyote mwenye subira. Bodi iliyoliwa na kutu ni habari nyingine, kwa kuwa kila bati linalokatwa hufunua lingine lililooza nyuma yake, na kazi iliyokadiriwa kuwa ya majuma hugeuka kuwa ya miaka. Kwa maoni yangu, gari lenye injini iliyokufa na bodi nzima ni bora kwa mbali kuliko gari linalonguruma vizuri huku limeoza chini.

Dalili ya kwanza ya kutafuta ni mlango unaoshuka ukifunguliwa. Shika ncha ya mlango na uunyanyue. Ukicheza juu na chini, pini za bawaba zimekwisha, na hilo ni jambo dogo. Lakini kama bawaba zimekaza na bado nafasi kati ya mlango na bodi ni nyembamba juu na pana chini, gari limebonyea katikati. Katika gari lisilo na paa, kama MGB ya wazi iliyotengenezwa kati ya 1962 na 1980, uzito wote hubebwa na masanduku ya chuma yanayopita chini ya milango, yaani vizingiti, pamoja na sakafu. Vizingiti vikioza, gari hukunjika taratibu bila mtu kutambua, mpaka siku jeki inapowekwa na mlango ukakataa kufunga.

Piga magoti na ugonge kizingiti kwa mpini wa bisibisi, ukianzia mbele kwenda nyuma. Bati zima hutoa mlio mkali unaofanana kote. Ukifika mahali mlio unapofifia na kuwa mzito, umefika kwenye puti, yaani kijazio cha kuficha mashimo. Chukua sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi, uipitishe hapohapo: isiponata, chini ya rangi hakuna chuma cha maana. Kisha sukuma ncha butu ya bisibisi kwenye mshono wa chini, kwa ruhusa ya mwenye gari. Chuma kizima husukuma mkono wako urudi, ilhali kilichooza hubonyea na kumwaga magamba ya kahawia sakafuni. Vipele vidogo kwenye rangi, ambavyo wauzaji hupenda kuviita kasoro ya rangi, kwa kawaida ni kutu iliyoanzia ndani na kufika nje, na kinachoonekana ni sehemu ndogo tu ya kilichopo.

Kila gari lina mahali pake pa kuozea. Datsun 240Z, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 1969, huoza chini ya betri, kwenye sakafu na kwenye reli zinazopita chini yake. E-Type ina fremu ya mabomba mbele iliyofungwa kwa bolti kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria, na mabomba hayo hushikwa na kutu kwa ndani ambako jicho halifiki, kwa hiyo ufa mdogo kwenye viungo vyake usipuuzwe hata kidogo. Lotus Elan huwadanganya wengi kwa bodi yake ya faibaglasi isiyojua kutu, wakasahau kwamba chini yake kuna uti wa mgongo wa chuma unaoshika kutu kama chuma kingine chochote.

Zulia lenye unyevu linyanyuliwe. Maji huenda yaliingia kupitia mpira wa kioo cha mbele au turubai la paa, lakini swali la msingi ni muda yaliokaa juu ya sakafu.

Namba ya chasisi ilinganishwe na hati za gari, na kibati chake kitazamwe kwa makini: ribiti mpya kwenye kibati cha zamani ni sababu ya kuuliza maswali, na namba isiyolingana na hati ni sababu ya kuondoka. Namba ya injini isiyo ya asili hupunguza thamani machoni mwa wakusanyaji, ila kwa mtu anayetaka kuendesha ni hoja ya kupunguziwa bei tu.

Mwisho, gusa boneti kabla hujasalimiana kwa kirefu. Kama injini tayari ni ya moto, muuzaji ameiwasha mapema, na mara nyingi hufanya hivyo kwa sababu haiwaki kwa urahisi ikiwa baridi, hutoa moshi katika dakika za kwanza, au hugonga mpaka oili ipande. Omba kurudi siku nyingine uikute baridi.

Injini iliyolala haizunguki, au haijulikani kama itazunguka

Kishawishi cha kufunga betri mpya na kupiga stata ni kikubwa, na kinafaa kushindwa. Pistoni huenda zimeshikana na kuta za silinda kwa kutu nyepesi, na stata ikizilazimisha, ringi huvunjika au kuchora silinda. Toa plagi zote, mimina vijiko viwili vya oili nyepesi katika kila silinda, uache usiku mzima au zaidi, kisha zungusha injini kwa mkono ukitumia spana kwenye bolti ya puli ya mbele. Ikizunguka raundi mbili kamili bila kugota, badilisha oili na filta, halafu piga stata huku plagi zikiwa bado nje mpaka geji ya oili ionyeshe presha. Hapo ndipo plagi zinaporudishwa.

Ikigota mahali palepale kila mara, usiongeze nguvu. Valvu inaweza kuwa imeganda ikiwa wazi na pistoni inaigonga, na kufungua kifuniko cha juu ili kutazama ni kazi ya dakika chache. Klachi nayo hupenda kunata kwenye gurudumu la injini baada ya miaka ya kusimama: pedali inashuka kama kawaida lakini gia haziingii injini ikiwa inaunguruma. Kabla ya kuteremsha giaboksi, hakikisha silinda ndogo ya klachi haivuji na inasukuma uma wake kwa urefu unaotakiwa, kwa maana dalili za kasoro hizo mbili ni zilezile.

Stata inazunguka vizuri lakini injini haiwaki

Injini ya petroli inahitaji hewa, petroli na moto wa plagi kwa wakati wake. Anza na moto, kwa kuwa kuupima ni rahisi. Plagi moja itolewe, irudishwe kwenye waya wake, igusishwe kwenye chuma cha injini mbali na petroli yoyote, kisha stata ipigwe. Cheche ya buluu yenye mlio ni njema. Ya njano na nyembamba ni dhaifu. Isipoonekana kabisa, fungua distributa, kifaa kinachogawa moto kwa kila plagi. Pointi (vigusano vidogo vya umeme ndani yake) zilizoungua au zilizoota ukungu mweupe kwa kusimama husafishwa kwa msasa laini sana na kupangwa upya, na kwa distributa ya Lucas ya MGB za awali nafasi yake ni kati ya milimita 0.35 na 0.40. Kifuniko kitazamwe kwenye mwanga kwa ajili ya nyufa nyembamba kama unywele, kwani umeme hupita humo badala ya kwenda kwenye plagi.

Kama moto upo, tafuta petroli. Petroli iliyokaa mwaka na zaidi hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utomvu wenye harufu ya vanishi unaoziba jeti za kabureta, kwa hiyo tangi lisafishwe kwanza, kabureta baadaye, vinginevyo uchafu wa tangi utarudi kuziba ulichokisafisha. Magari ya Uingereza yenye pampu ya petroli ya umeme ya chapa ya SU yana msaada wake: ukiwasha swichi, pampu hugonga haraka haraka, hupunguza mwendo, kisha hunyamaza kabureta zikijaa. Ikiendelea kugonga bila kukoma, inavuta hewa mahali fulani, petroli imekwisha, au sindano ya kuelea imekwama wazi na petroli inamwagika nje ya kabureta, jambo ambalo pua italigundua haraka. Ikinyamaza tangu mwanzo, mara nyingi pointi zake zimeota kutu, na kofi dogo kwenye ganda lake huiamsha kwa muda, ingawa pampu inayohitaji makofi tayari imeshaomba kubadilishwa.

Injini inawaka, lakini inamisi, inakohoa au inazima ikipata moto

Hili ndilo eneo linalowachosha watu kuliko yote, na ndipo kabureta nyingi zisizo na hatia hufunguliwa. Mafundi wakongwe husema kwamba ugonjwa wa kabureta huanzia kwenye distributa, na ingawa usemi huo una chumvi ndani yake, mpangilio wa kazi unaotokana nao ni sahihi: valvu zipimwe nafasi zake, kisha pointi, kisha taimingi (wakati ambao plagi hutoa cheche), na kabureta iwe ya mwisho. Kabureta inayorekebishwa juu ya taimingi mbovu itaficha kosa mpaka taimingi itakaporekebishwa, na hapo kila kitu kitakuwa kimeharibika tena.

Tazama kwanza dalili inajitokeza wakati gani. Injini inayokimbia vizuri ikiwa baridi, ikaanza kukatakata baada ya kupata joto, ikazima, na ikawaka tena baada ya kupoa, kwa kawaida ina kondensa au koili (inayoongeza nguvu ya umeme wa plagi) inayokufa. Kondensa ni kijikopo kidogo cha bei ndogo ndani ya distributa, na kwa bahati mbaya nyingi zinazouzwa leo hazidumu. Iliyotolewa kwenye gari la zamani ikiwa nzima huenda ikawa bora kuliko mpya iliyomo kwenye boksi. Koili nayo ilinganishwe na sakiti ya gari: koili ya omu 1.5 hufanya kazi pamoja na rezista, na ikifungwa kwenye gari lililotengenezwa kwa koili ya omu 3 bila rezista, hupata moto kupita kiasi na kuunguza pointi.

Injini inayokwenda vizuri mjini lakini ikakosa nguvu na kuzima kwenye mwendo mrefu wa kasi, kisha ikawaka tena baada ya kusubiri kidogo, inanyimwa petroli. Simamisha gari, fungua kifuniko cha tangi na usikilize: ukisikia hewa ikifyonzwa kwa nguvu, tundu la kupumulia la tangi limeziba. Usiposikia kitu, magamba ya kutu kutoka kwenye tangi yanavutwa mpaka mdomo wa bomba, yanauziba, na pampu ikitulia yanadondoka tena chini. Filta mpya hapa husaidia kwa siku chache tu, kwani chanzo ni tangi lenyewe.

Injini inayozima baada ya kuegeshwa kwa dakika chache ikiwa ya moto, na kusumbua kuwaka tena, huenda petroli yake inachemka kwenye bomba au kwenye kabureta. Angalia kama ngao ya joto kati ya kabureta na ekzosi ipo mahali pake. Watu huitoa wakati wa ukarabati kwa kudhani ni bati la mapambo.

Kwenye kabureta za aina ya SU, na zile za Hitachi zilizofuata muundo huo katika Datsun 240Z, kikohozi kinachotokea mara tu unapokanyaga mafuta kwa ghafla huwa na chanzo rahisi: oili imekwisha ndani ya kikombe cha juu. Fungua skrubu ya juu, jaza oili nyembamba, rudisha. Kabla ya kurudisha kichujio cha hewa, ingiza kidole, nyanyua pistoni ya kabureta taratibu mpaka juu na uiachie. Inatakiwa ipande kwa uzito, ishuke kwa uhuru, na itue kwa mlio mdogo wa chuma kugusa chuma. Ikishuka nusu njia na kusita, ndani mna uchafu au sindano yake imepinda, na hakuna marekebisho ya skrubu za nje yatakayofaa mpaka hilo liondolewe. Gari lenye kabureta mbili halafu lisawazishwe ili zote zivute hewa sawa, kazi inayoweza kufanywa kwa bomba jembamba la mpira na sikio tulivu.

Iwapo injini bado inamisi kwenye silinda moja baada ya yote hayo, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya asilimia 15 hivi, mimina kijiko cha oili ndani yake na upime tena: kipimo kikipanda, ringi zimechoka, kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gaskiti ya hedi (kichwa cha injini). Silinda mbili jirani zikiwa chini kwa pamoja, gaskiti imeungua kati yake.

Kuna kisa kimoja cha valvu kinachohusu magari ya kipindi hicho. Madini ya risasi yaliyokuwa kwenye petroli yalizilinda sehemu ambazo valvu za ekzosi hukalia, na petroli hiyo iliondolewa nchi baada ya nchi mpaka Algeria ilipofunga ukurasa mwaka 2021. Katika hedi ya chuma cha kumimina, kama ya MGB, dalili ni nafasi ya valvu inayopungua kila unapoipima, huku injini ikipoteza nguvu polepole. Viti vigumu vya valvu huwekwa hedi inapofunguliwa kwa sababu nyingine. Anayeendesha kwa upole anaweza kusubiri wakati huo ufike.

Moshi na presha ya oili

Moshi wa buluu unapokanyaga mafuta kwa nguvu huelekeza kwenye ringi. Ukitokea pale unapokanyaga tena baada ya kuteremka mlima bila kukanyaga, huelekeza kwenye mipira ya valvu na mirija inayoziongoza, kasoro ambazo gari linaweza kuishi nazo kwa muda mrefu. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Mvuke mweupe asubuhi ya baridi ni wa kawaida, lakini ukiendelea injini ikiwa ya moto na maji yakipungua, gaskiti ya hedi inapitisha.

Kuhusu presha ya oili, geji ya zamani isiaminiwe mpaka ithibitishwe kwa geji nyingine iliyofungwa moja kwa moja kwenye injini. Presha nzuri ikiwa baridi inayoporomoka injini ikipata joto, pamoja na mlio mzito wa kugonga kutoka chini, ni beringi za krenkishafti zilizokwisha. Oili ya uzito wa 20W-50 yenye zinki ya kutosha inazifaa injini nyingi za miaka ya 1960, kwa sababu tapeti zake husuguana na kamshafti bila rola.

Gari linachemsha

Uliza kwanza linachemsha wapi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, hewa haipiti likiwa limesimama: feni, mkanda wake, au mapezi ya rejeta yaliyozibwa na vumbi na wadudu. Likichemsha kwenye mwendo wa kasi, maji hayazunguki ya kutosha, na hapo rejeta iliyoziba kwa ndani ndiyo mshukiwa mkuu, ikifuatwa na bomba la chini linalonywea pampu inapolivuta. Pitisha kiganja juu ya uso wa rejeta injini ikiwa imezimwa na feni imetulia: sehemu iliyo baridi katikati ya joto ni mirija isiyopitisha maji.

Taimingi iliyochelewa huchemsha gari bila kugusa mfumo wa maji, jambo linalosahaulika sana. Na gari lililosimama kwa miaka likiwa na maji matupu huwa na matope ya kutu nyuma ya blok, karibu na silinda ya mwisho, ambayo hayatoki kwa kumwaga maji ya rejeta peke yake. Fungua bomba la kutolea maji kwenye blok, na lisipotoa kitu, chokoa kwa waya. Mapovu yanayopanda kwenye mdomo wa rejeta mara injini baridi inapowashwa ni gesi ya silinda inayopita kwenye gaskiti.

Taa hafifu, stata mvivu, hitilafu zinazokuja na kuondoka

Kabla ya kulaumu waya wowote, tafuta waya wa ethi (unaorudisha umeme kwenye betri) kati ya injini na bodi, usafishe ncha zake mpaka chuma king'ae, na uufunge tena. Kisha pima: ncha moja ya mita kwenye nguzo ya betri iliyofungwa kwenye bodi, nyingine kwenye blok, na mtu apige stata. Kikionekana zaidi ya nusu volti, umeme unapata shida kurudi, na stata mpya haitasaidia. Betri nzima iliyotulia husoma takriban volti 12.6, na injini ikikimbia itafika karibu 14. Isipopanda, dainamo au regyuleta yake haichaji.

Baadhi ya magari ya Uingereza, zikiwemo MGB za kabla ya mwishoni mwa 1967, yalitengenezwa nguzo chanya ya betri ikiwa ndiyo ethi. Anayefunga redio au alteneta ya kisasa bila kulijua hilo ataiunguza mara moja.

Breki zinavuta upande, zinashika au pedali inazama

Hapa hakuna nafasi ya kujaribu kwanza barabarani. Magari mengi ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana sakiti moja ya breki, hivyo bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hukosa breki kwa pamoja. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, na katika gari lililosimama maji hayo yamekuwa yakila silinda kwa ndani. Mafuta yote yamwagwe, na mafuta ya silikoni ya DOT 5 yasichanganywe kamwe na DOT 4.

Pedali inayoshuka taratibu ukiikanyaga bila kuiachia, bila kuvuja kokote kwa nje, ni mipira ya masta silinda. Pedali laini inayokaza ukiipiga mara mbili ni hewa kwenye mabomba au drumu zisizorekebishwa. Gurudumu linaloshika baada ya breki kuachiwa lina jaribio lake: linyanyue kwa jeki, ukanyage na kuachia pedali, kisha ufungue nipeli ya kutolea hewa kwenye gurudumu hilo. Likiachia papo hapo na mafuta yakaruka, presha ilikuwa imefungiwa, na mara nyingi bomba la mpira limevimba kwa ndani huku nje likionekana zima kabisa. Likibaki limeshika, pistoni ya kalipa imeganda kwa kutu.

Tairi zisomwe tarehe yake ubavuni, kwenye tarakimu nne za mwisho wa alama ya DOT: 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi yenye kashata (michoro ya kushika barabara) nzuri iliyozidi miaka kumi ina mpira mgumu, na breki nzuri hazina maana juu ya mpira usioshika barabara.

Kugonga na milio gari likitembea

Mlio mmoja mkavu wa kugonga unapoachia klachi na mwingine unapofunga breki, katika gari lenye rimu za spoki, utafutwe kwanza kwenye meno ya habu: nyanyua gurudumu, mtu akanyage breki, nawe ulitikise mbele na nyuma. Likicheza habu ikiwa imetulia, meno yamelika na siku moja gurudumu litazunguka bila kusukuma gari. Mlio kama huo kwenye rimu za kawaida hutokana na viungo vya propela au nafasi ndani ya difu.

Mlio wa giaboksi unaonyamaza ukikanyaga klachi ni beringi ya shafti ya mbele. Unaoanza ukikanyaga ni beringi ya klachi. Gia ya pili inayosaga asubuhi tu inavumilika. Gia inayoruka yenyewe haivumiliki.

Gari liko vipande vipande na kazi imesimama

Hii nayo ni dalili, tena imeua magari mengi kuliko kutu. Chanzo chake ni kulifungua gari lote kabla halijawahi kutembea, ili lipakwe rangi kwanza. Mpangilio unaofanikisha kazi ni kinyume chake: breki, mfumo wa petroli, maji, umeme, kisha gari liendeshwe kwa miezi kadhaa na kasoro zake ziandikwe, na bodi ifuate likiwa limeshajulikana. Kuchomelea vizingiti ndiyo kazi pekee ya bodi inayotangulia, na ifanywe gari likiwa limesimama juu ya magurudumu au stendi zilizosawazishwa, milango ikiwa imefungwa mahali pake, la sivyo bodi itagandishwa ikiwa imepinda.

Harufu ya petroli ndani ya gari

Petroli ya sasa yenye ethanoli hulainisha na kupasua mabomba ya mpira ya zamani, na bomba lililokuwa kavu mwaka jana linaweza kuvuja mwaka huu. Fuata harufu kuanzia shingo ya tangi, kupitia bomba la mpira linaloiunganisha na tangi, mpaka kwenye mabomba mafupi kati ya kabureta, ambayo hukaa juu kabisa ya ekzosi. Kunja kila bomba kwa vidole: nyufa ndogo zikifunguka kwenye mkunjo, libadilishwe siku hiyohiyo kwa lile linalostahimili ethanoli. Kizima moto kifungwe mahali ambapo dereva anakifikia akiwa amekaa, na klipu zote mpya zikazwe tena baada ya safari chache za kwanza, kwa kuwa mpira mpya hujikandamiza ukipata joto na kuziacha zikiwa zimelegea.